Mbwa wa Viganja Viwili

Fragal de Cima, 8 Juni 1997

Mjomba Baltasar,

Naomba baraka yako.

Kuna jambo sijamwambia mtu yeyote. Hata padri sijamwambia, ingawa kila Jumamosi napiga magoti mbele yake nikiwa nimelishika mdomoni kama kokwa ya zeituni isiyo na mahali pa kutemwa. Pardal bado anabweka. Namsikia.

Najua amekufa. Wewe ulisimuliwa kwa simu tu, na najua baba alivyosema: "Tumempoteza mbwa," kama mtu aliyesahau mwavuli kwenye basi. Acha nikusimulie mimi. Ilikuwa Jumapili ya Oktoba, mvua imenyesha wiki nzima. Tulikuwa watatu, baba, mimi na mdogo wangu Duarte, chini ya ule ukuta mrefu wa mawe wa Mzee Custódio, unaoshikilia tuta lenye milozi. Sungura aliingia ukutani, Pardal akamfuata. Alibweka akienda mbele, halafu akaanza kubweka mahali pamoja. Baba aliingiza mkono mpaka begani, hakumfikia. Akaanza kung'oa mawe. Ukuta ukaguna na udongo ukaanza kumwagika. Mzee Custódio akaja mbio, suruali ameishika mkononi, anapiga kelele: "Amadeu! Unataka kuwazika watoto wako kwa ajili ya mbwa?" Baba akatuvuta nyuma. Pardal alibweka siku ile na kesho yake. Halafu basi.

Baba akasema yamekwisha. Duarte hajakubali mpaka leo. Tukipita pale kwenda kupanda basi la shule, husimama. "Si unamsikia?" ananiuliza. Namjibu, "Twende, tutachelewa." Lakini namsikia, mjomba. Mbweko mmoja mfupi, halafu kimya, kama mtu aliyegonga mlango na sasa anasubiri.

Kwa nini sisemi? Unanijua. Mwalimu wangu wa kule Clermont, kabla hatujarudi huku, aliandika kwenye ripoti kwamba nina lugha mbili. Hakuandika kwamba mezani situmii hata moja.

Sasa, hili ndilo nililotumwa. Baba anataka mbwa mwingine kabla ya msimu. Anasema Duarte atapona siku akishika mtoto wa mbwa mikononi. Duarte akamjibu, "Mnamnunulia nani? Mimi mbwa ninaye." Mama akaangusha kijiko. Kwa hiyo baba anauliza: wewe uliyefuga podengo wadogo, mbwa wa kuwinda sungura, maisha yako yote, tuchague vipi? Awe mdogo wa kuingia kwenye kuta, na mpole kwa watoto.

Barua zako husomwa mezani baada ya supu, na msomaji ni mimi. Nakuomba uandike karatasi mbili: moja ya meza, moja yangu.

Binti yako wa ubatizo,
Ofélia

*

Clermont-Ferrand, 21 Juni 1997

KARATASI YA MEZA

Amadeu shemeji, dada yangu Graça, na nyinyi wadogo,

Mungu awabariki. Mimi mzima, mgongo tu ndio unaonidai. Mnataka mbwa? Vizuri. Kaeni mnisikilize, na Ofélia asome polepole, asimeze maneno.

Kwanza, Amadeu, usipime mbwa kwa mikono yako ya uashi. Wewe ukimkumbatia punda viganja vinakutana. Mbwa wa watoto hupimwa kwa mikono ya mtoto atakayewinda naye. Mtoto wa mbwa bado atakua, kwa hiyo mpimeni mama yake. Mshikeni nyuma tu ya miguu ya mbele. Vidole gumba vikutane mgongoni, vya kati vikutane chini ya kifua. Vikikutana, kizazi hicho kitaingia popote na kutoka. Kumbukeni, kinachokwama ni kifua. Kichwa na mabega yakishapita na kifua kikawa chembamba, mwili uliobaki unafuata kama kamba.

Pili, manyoya. Chukueni mwenye manyoya magumu, miiba isimchane. Tatu, moyo. Gongeni sufuria nyuma yake. Akiruka kisha akarudi kunusa sufuria, huyo ni mzima. Akikimbilia chini ya gari, mwacheni abaki huko. Nne, mwambieni Mzee Zeferino mfuga mbwa awaonyeshe bomba lake la udongo. Yeye anajua. Atatia ngozi ya sungura ndani na kuziba upande wa pili. Wote wataingia. Nyinyi mchukueni yule anayejua kurudi kinyumenyume.

Na msimlishe kama nguruwe wa Desemba! Pardal nilimwona Agosti iliyopita, amekuwa mto wa kulalia. Mbwa mwenye njaa kidogo hupita mahali ambapo aliyeshiba hukwama.

Mwaka huu Agosti siji, kuna jengo lazima liishe. Nileteeni mvinyo ndotoni.

Baltasar

KARATASI YA OFÉLIA

Mwanangu, ni upepo. Ukuta usio na chokaa una midomo mingi, na upepo ukipita kila mdomo unasema lake. Duarte usimwambie kitu. Mbwa mpya ataleta kelele mpya nyumbani, utaona. Kuhusu kuta na sauti zake nayajua mengi kuliko unavyodhani, lakini usiniulize.

Mjomba wako

*

Fragal de Cima, 6 Julai 1997

Mjomba,

Naomba baraka yako.

Barua yako ilichekesha meza nzima. Baba alicheka habari ya punda mpaka akakohoa. Duarte pekee hakucheka. Nilipofika mahali pa Pardal kuwa mto wa kulalia, mama alitazama sahani yake, baba akatazama dirisha. Sikujua kwa nini. Duarte akasema, "Rudia hapo pa kifua." Nikarudia. "Tena." Nikarudia tena. Baba alifurahi. "Unaona, Graça? Mtoto ameanza kusikiliza mambo ya mbwa!"

Jumapili tulikwenda kwa Mzee Zeferino. Unamjua, hana salamu.

"Nani anawinda?" akauliza.

"Watoto," baba akasema.

"Huyu bubu na huyu mgonjwa?"

"Bubu" ni mimi. Baba akamwambia, "Mzee, hata wewe mkeo alikukubali ukiwa hivyo hivyo na sura hiyo." Wakacheka, wakapeana mikono, ndipo akafungua banda.

Walikuwa watoto wanne. Mama yao rangi ya mdalasini, masikio wima, miguu imejaa makovu ya miiba. Mzee akamwambia Duarte ampime. Nilidhani atakataa. Akapiga magoti, akamzungushia viganja nyuma ya miguu ya mbele, vidole vikakutana. Akabaki amemshika hivyo muda mrefu, macho amefumba.

"Mwachie, kijana, hujaagizwa kumkamua," Mzee akasema.

Kwenye sufuria, mmoja alikimbia, tukamtoa. Kwenye bomba waliingia watatu waliobaki. Wa kwanza alinaswa akalia, Mzee akamvuta mkia. Wa pili aling'ang'ania, anachimba, anaguna, hataki kutoka. Baba macho yakawaka. "Huyo! Huyo hakati tamaa!" Wa tatu, jike dogo kuliko wote, aliingia, akanusa ngozi, akabweka mara mbili, akaona pamezibwa, akaanza kurudi makalio mbele, taratibu, kama mama mkubwa anayeshuka ngazi. Mzee akamnyooshea kidole.

"Yule wa pili atakufanya ujisifu mkahawani," akamwambia baba. "Huyu atakurudishia watoto nyumbani."

Nafikiri sote tulimfikiria yuleyule. Tukamchukua jike. Hana jina bado, maana Duarte ndiye wa kumpa jina, na Duarte hasemi.

Sasa karatasi hii si ya mezani. Jana Duarte alinifuata shambani kwa zabibu, akavua shati. "Ofélia, nipime." Nikadhani ni mchezo. Nikamzungushia mikono kifuani, haikukutana. Akatazama vidole vyangu, akaona nafasi iliyobaki, akapima nafasi ile kwa kidole chake. "Bado," akasema, akavaa shati.

Sijui kwa nini ninakuandikia hili. Mikono yangu ilikuwa baridi, na ilikuwa Julai.

Ofélia

*

Clermont-Ferrand, 15 Julai 1997

Ofélia mwanangu,

Mungu akubariki. Naandika haraka, tunamwaga zege tangu alfajiri.

Nimefurahi sana kuhusu jike. Mzee Zeferino hakosei. Na Duarte anajipima? Hiyo ni dalili njema! Mimi utotoni nilitembea kwa miguu minne msimu mzima, bibi yako akanilisha chini ya meza. Mtoto anayejifanya mbwa ameshampenda mbwa. Mwambie atafute jina upesi, asije akaitwa "Njoo Hapa" mpaka uzeeni.

Unasikia bado? Hukuandika. Nachukulia kwamba husikii.

Mjomba wako,
Baltasar

*

Fragal de Cima, 10 Agosti 1997

Mjomba,

Hajifanyi mbwa.

Hali chakula, mjomba. Asubuhi hulowesha mkate kwenye maziwa, mama akigeuka, mkate uko kwa mbwa. Supu anaizungusha kwa kijiko mpaka inapoa. Mama anasema ni joto. Baba anasema ni umri. Wanaofika likizo kutoka Ufaransa wanambana shavu na kusema, "Mvulana amerefuka!" Hajarefuka. Amepungua upande.

Nilipata kamba chini ya godoro lake. Ina mafundo. Fundo la kwanza ni upana wa tundu la ukuta wa Custódio, niliupima mwenyewe. Mafundo mengine ni kifua chake, moja baada ya jingine, na kila moja limesogea karibu zaidi na lile la kwanza. Mjomba, ni maneno yako. Kichwa na mabega yakishapita. Mwenye njaa kidogo hupita. Niliyasoma mimi, kwa sauti yangu, mara tatu.

Alhamisi hakuwa kwenye mkutano wa watoto kanisani. Nilikimbia moja kwa moja mpaka kwenye milozi. Miguu yake ilikuwa nje, kuanzia kiunoni kwenda juu amemezwa na ukuta. Mtoto wa mbwa amekaa pembeni, anatetemeka, hataki kukaribia. Nilimshika vifundo vya miguu nikamvuta. Alitoka na udongo kwenye kope. Hakulia. Alinitazama kama mtu uliyemwamsha.

"Nilikuwa karibu kumgusa," akasema. "Alinyamaza nilipoingia. Alijua ni mimi."

"Duarte, Pardal amekufa."

"Basi nani anabweka?"

Wakati ananiuliza, kitu kilibweka, mjomba, palepale nyuma ya bega lake, na mtoto wa mbwa aliinua masikio yote mawili.

Akaniambia kitu kingine. Kwamba ni yeye aliyemuua, kwa sababu kila siku alimpa nusu ya chakula chake kwa siri. Ndiyo maana Pardal alinenepa, ndiyo maana akakwama. Na mimi nilikuwa nampa ngozi za soseji, mjomba. Nilimwona mama akimpa maganda ya jibini, na baba akimwachia mfupa wenye nyama akidhani hatuoni. Kila mtu alimlisha peke yake, kwa kumpenda. Nilitaka kumwambia. Nilifungua mdomo. Nilimwambia tu ajifute uso.

Nifanye nini? Nikimwambia nami namsikia, ataingia leo na hatatoka. Nikinyamaza, ataingia kesho.

Ofélia

*

Clermont-Ferrand, 16 Agosti 1997

Ofélia,

Nimepiga simu mkahawani kwa Lurdes mara mbili. Mara ya kwanza kulikuwa na sherehe, mtu akaniimbia. Mara ya pili nimempata Lurdes mwenyewe, nikamwambia amtafute baba yako popote alipo. Lakini simu ni simu. Barua hii isome wewe kwanza, kisha mpe baba yako mkononi, si mezani.

Amadeu. Mtoto wako anajikondesha ili aingie ukutani kumtoa mbwa. Si mchezo. Muulize Ofélia, na akinyamaza, msubiri, usiondoke. Nenda kaubomoe ukuta wa Custódio. Yote. Hakuna mvua sasa, udongo ni mkavu, na wewe ni mwashi. Mwambie Custódio utamjengea mwingine ulionyooka kuliko huo wa babu yake. Akikataa, nipigie mimi.

Ofélia, sasa wewe. Nilikwambia ni upepo. Nilikudanganya, maana niliogopa. Mwaka ule mtaro ulipomfunika Firmino, mwenzangu wa kazi, walichelewa kumtoa, alikuwa ameshakufa, na mimi bado nilikuwa namsikia akiniomba sigara. Wenzangu hawakusikia. Nilinyamaza kama wewe. Walipomtoa, naye akanyamaza. Akitolewa, hunyamaza. Kwa hiyo mtoeni.

Usimwache Duarte peke yake hata kwenda chooni.

Baltasar

*

Fragal de Cima, 2 Septemba 1997

Mjomba mpendwa,

Naomba baraka yako.

Duarte anakula. Naanza na hilo ili upumue.

Lurdes alimkuta baba juu ya paa la shule. Alishuka akaja moja kwa moja nyumbani, hakuvua hata kofia. Akaketi mbele yangu, akasema, "Mjomba wako anasema una neno." Kisha akasubiri. Mama akataka kusema kitu, akamwinulia mkono. Nilianza kwa Kifaransa, mjomba, sijui kwa nini, na baba hakunikatiza. Nikahamia lugha ya kwetu katikati. Nikasema habari ya kamba na mafundo, habari ya tundu, na kwamba sote tulimlisha. Mama akaanza kulia nilipofika kwenye maganda ya jibini. Duarte alikuwa mlangoni.

"Hata wewe, baba?" akasema.

"Mifupa," baba akasema. "Na wakati mwingine nyama yenyewe."

"Mama alikwambia usimpe."

"Mama yako naye alikuwa anampa."

Sikusema kwamba ninamsikia. Hilo lilibaki.

Kesho yake baba alikwenda kwa Mzee Custódio. Tulisikia kelele mpaka kwetu: "Ukuta wa babu yangu! Kwa mbwa!" Kisha Mzee akatoka na mtaimbo wake mwenyewe. Walibomoa kutoka juu, jiwe kwa jiwe. Mimi na Duarte tulipewa kazi ya kupanga mawe, makubwa huku, madogo kule. Jioni walipokaribia tundu, baba akamtuma Duarte kisimani kuleta maji. Akanisahau mimi. Watu hunisahau, unajua.

Niliona baba akipiga magoti. Akavua kofia, akaiweka chini, akaokota kitu kidogo kidogo akitia ndani ya kofia, kama mtu anayeokota mayai. Kola ya Pardal ilikuwepo pia. Akaiweka kofia ndani ya ndoo yake ya chokaa, akafunika kwa gunia. Mzee Custódio akageukia upande wa milozi, akapenga kamasi.

Duarte aliporudi na maji, baba alikuwa anacheka. Sijawahi kumsikia akicheka vibaya hivyo.

"Njoo uone, mjinga wewe! Tazama, tundu linatokea upande wa pili! Huyu mwizi alitoka siku ileile. Amevuka mto, yuko Hispania, anakula paja la nguruwe kwa wenye nacho."

Duarte akaingiza mkono mpaka begani, akapapasa. Hakukuwa na kitu. Kisha mtoto wa mbwa akamwendea, akapanda juu ya mawe, akalala.

"Hispania wapi?" Duarte akauliza.

"Mahali wasikojua kupima kifua," Mzee Custódio akasema. Mzee yule, ambaye hajawahi kusema jambo la kumfariji mtu.

Usiku ule Duarte alimaliza supu, akaomba nyingine. Jike amepata jina, Bolota, na tayari analala kitandani kwake, ingawa mama anapiga kelele. Kila siku Duarte anamhesabia Pardal sahani za Hispania. Shati linambana kidogo kwenye makwapa. Mama analitazama kama wengine wanavyotazama picha ya mtakatifu.

Sasa habari iliyobaki. Usiijibu kwenye karatasi ya meza, wala kwenye karatasi yangu. Usiijibu kabisa.

Baba amemjengea Bolota kibanda uani, cha mawe na chokaa, kizuri kuliko nyumba za wengine. Aliujenga msingi peke yake, alfajiri, ndoo imefunikwa gunia. Bolota haingii. Anafika mlangoni, ananusa chini, ananusa kona ya kushoto, anarudi kinyumenyume mpaka katikati ya ua, anaketi. Baba anasema atazoea. Mzee Zeferino alipita jana, akamtazama anavyofanya, akamtazama baba, akasema, "Pua nzuri mno hiyo," akaenda zake.

Ulisema akitolewa hunyamaza. Kule kwa Custódio amenyamaza, kweli. Nimepita asubuhi na jioni, hakuna kitu, ni milozi tu. Lakini hapa, mjomba, hapa uani, chini ya dirisha langu. Mbweko ni uleule. Haubadiliki. Karibu zaidi tu.

Leo mchana Duarte alikuja akakaa kando yangu penye ngazi, anakula mkate na soseji, makombo hadi kidevuni. Akanigonga goti.

"Ofélia. Wewe humsikii tena, sivyo?"

Tena, alisema. Alijua siku zote.

Nikamtazama, mjomba. Mashavu yana rangi. Na kilibweka, wakati uleule, nyuma yake, na sikugeuza kichwa, na kope sikupepesa. "Simsikii," nikasema. Sijawahi kujibu haraka hivyo maishani mwangu. Akapumua. Akanimegea soseji.

Kwa hiyo nitakuwa ninamsikia mimi. Sina shida na hilo. Nina mahali pa kuweka vitu visivyosemwa, nimezoea. Ila nilitaka mtu mmoja ajue, na wewe una Firmino wako.

Duarte anajifunza kusoma mwandiko wangu. Jana alisoma orodha nzima niliyomwandikia mama bila kukosea. Usiitunze barua hii.

Nasikia miguu kwenye ngazi. Ni yake, inapiga mbao kwa uzito siku hizi, na anaita kwa nguvu kama mwenye nyumba, "Ofélia! Supu!" Amefika juu. Naiweka chini ya